Siku 214

Mdogo wangu alikuwa na siku 214. Ndivyo ilivyosema simu yake, kwa namba kubwa na kikatuni kinachorukaruka pembeni, na ndivyo alivyomwambia kila mgeni aliyeingia nyumbani: siku 214 mfululizo anasoma Kijerumani, hajakosa hata moja, hata siku ya msiba wa babu alijifungia chooni dakika tano akamaliza somo. Mama alikuwa akiisikia ile namba anatabasamu. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chake ili kulipia mtihani wa A1, ngazi ya chini kabisa, ambayo vijana wanaoomba viza ya kwenda Ujerumani kama au pair wanatakiwa kuwa nayo. Kwa mama, kila siku iliyoongezeka kwenye ile simu ilikuwa ni kama rejesho.

Jumamosi moja nikajifanya mtahini. Nilivuta kiti cha plastiki, nikakaa mbele yake, nikaweka simu yangu kwenye meza ihesabu dakika. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuongea ni nyepesi ukiisoma kwenye karatasi. Unajitambulisha: jina, umri, unatoka wapi, unaishi wapi, unazungumza lugha gani, unafanya nini, unapenda nini. Halafu mtahini anakuomba utaje herufi za jina, moja baada ya nyingine, na useme namba, kwa mfano ya simu.

Jina alisema. Tanzania alisema. Kisha nikamwambia, „Buchstabieren Sie, bitte,“ yaani taja herufi, na akanyamaza. Alitazama mikono yangu, akatazama mikono yake, akatazama meza. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta vile visanduku. Kwenye programu yake, maneno huwa yamepangwa chini ya kioo kama karanga kwenye sinia, na kazi yako ni kuyagusa moja moja hadi sentensi itimie. Pale mezani hapakuwa na sinia.

„Dada,“ akasema, „nikiyaona nayajua.“

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu sijaona uhakiki wa programu za kujifunzia lugha uliosema zaidi ya hayo kwa maneno mawili. Nikiyaona nayajua. Kuna tofauti kati ya kuutambua wimbo kwenye daladala na kuuimba ukiwa umesimama peke yako jukwaani, na programu ile ilikuwa imemfundisha kwa miezi saba kuutambua wimbo. Mtihani ulikuwa unamtaka aimbe.

Nasoma shahada ya umahiri katika isimu, na kazi yetu kubwa darasani ni kuchambua matini. Basi nikamwomba anipe simu yake kila jioni kwa wiki tatu, nikaamua kuisoma ile programu kama ninavyosoma riwaya: nani anaongea humu ndani, na nani, kuhusu nini, na nani hayumo. Nilijaza kurasa kadhaa za daftari kwa sentensi tu. Mwanamume anakula mkate. Mwanamke anakunywa maziwa. Mtoto ana tufaha. Paka ni mweusi. Kijiji kizima cha watu wanaokula, wanaokunywa na wanaomiliki vitu, na hakuna hata mmoja anayemjibu mwenzake. Hakuna anayeomba radhi. Hakuna anayekataa. Na katika masomo yote aliyoyapita mdogo wangu, sikukuta sentensi ambayo mgeni wa lugha yoyote anaihitaji kuliko nyingine zote: samahani, sijaelewa, rudia taratibu. Wakazi wa kijiji kile hawaihitaji. Wao wanaelewa kila kitu, na hakuna anayewasemesha.

Lakini nisiwe mkali kabla ya kusema kwa nini aliipenda, maana aliipenda kwa haki. Sisi tuliosoma shule za serikali tulisoma msingi kwa Kiswahili, halafu tukaingia kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza. Mdogo wangu ana kumbukumbu ya siku alipotamka neno moja la Kiingereza vibaya mbele ya darasa na likawa jina lake la utani hadi kidato cha nne. Aliacha kunyoosha mkono. Sasa mpe mtu huyo mwalimu asiyecheka. Ukikosea, sauti inalia kidogo, unaonyeshwa jibu, swali linarudi baadaye, basi. Hakuna anayekuzomea kwamba unaleta ung'eng'e. Unaweza kurudia neno moja mara thelathini usiku wa manane chini ya shuka. Kwa mtu anayeanza kabisa, hasa aliyewahi kuchekwa, wiki tatu za kwanza za namna hiyo ni zawadi. Masikio yanazoea, ulimi unajaribu, woga unapungua. Tatizo ni kwamba programu haikuambii wiki tatu zimekwisha.

Badala yake inakupa mfululizo. Hapa ndipo ninapogombana nayo zaidi. Ile namba haihesabu maneno unayoyajua wala dakika ulizoongea. Inahesabu siku ulizofungua. Nilimwangalia mdogo wangu saa tano na dakika hamsini usiku, amechoka, anatafuta somo rahisi kuliko yote, lile la rangi na matunda alilolimaliza miezi mitano nyuma, analipita kwa dakika mbili ili namba isife. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuwa anailinda namba, na lugha ilikuwa inasubiri nje. Nilipomwuliza kwa nini asifanye somo jipya, alinijibu kwamba somo jipya lina makosa mengi, na makosa yanamalizia nafasi za kuendelea bure. Kifaa kilichomwahidi kumwondolea woga wa kukosea kilikuwa kinamtoza kwa kukosea.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kuliona, kwa sababu nimelizoea mno. Mdogo wangu hakuwa anajifunza Kijerumani kwa Kiswahili. Alikuwa anajifunza Kijerumani kwa Kiingereza, kwa sababu programu haina mlango wa Kiswahili kwa anayekitaka Kijerumani. Kila neno lilipitia nyumba ya jirani kwanza. Siku moja nikamkuta kwenye swali la picha: chagua neno linalomaanisha jengo hili. Jibu lilikuwa Schule. Alikuwa amekosa. Nikamwambia, lisome kwa sauti. Akalisoma. Akanitazama. „Shule?“ Ndiyo, shule. Neno tulilolipata wakati nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, kama tulivyoipata hela kutoka Heller, sarafu yao ndogo. Alikuwa anakosa kwa Kijerumani neno analolitumia tangu ana miaka sita, kwa sababu swali lilimwuliza kwa Kiingereza na akili yake ilikuwa inatafuta kitu kinachofanana na school.

Hilo ni dogo, la kuchekesha. Kubwa ni ngeli. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na wanaoanza huzilalamikia kuliko kitu kingine. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu vya sahani moja, jinsia tatu. Maelezo ya programu yalimwambia mdogo wangu, kwa Kiingereza, kwamba hili ni jambo geni, lenye kuchanganya, avumilie tu. Geni kwa nani? Mtu anayesema kitabu changu kizuri kimepotea bila kufikiri, halafu nyumba yangu nzuri imeungua bila kufikiri, huyo anajua tangu utotoni kwamba nomino hutawala majirani zake. Mein Buch, meine Tasche: kitabu changu, mkoba wangu. Kiingereza kina my moja tu kwa vyote. Aliyehitaji kuambiwa avumilie ni Mwingereza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mädchen, msichana. Ni das, jinsia ya tatu, na kila anayeanza huuliza msichana amekuwaje kitu. Jibu ni kwamba kiambishi -chen cha kudogosha hulazimisha das bila kujali aliyedogoshwa ni nani. Nilimwambia mdogo wangu: sisi tuna kijana. Neno lina ki- ya kitu, lakini tunasema kijana amefika, hatusemi kimefika, kwa sababu kwetu uhai unashinda umbo. Kwa Wajerumani, kwenye ile das, umbo limeshinda. Alicheka, na hajawahi kulikosea tena. Sikumfundisha kitu; nilimwonyesha tu kwamba nyumbani kwake kuna samani ya aina hiyo.

Hata lile dubwana linaloitwa datifu lilikubali kukaa. Ich gebe dem Kind das Buch, ninampa mtoto kitabu. Kwa Kiingereza mtoto na kitabu wote wanavaa the ile ile, huoni nani anapokea. Kwa Kiswahili ile -m- ndani ya ninampa inamshika mtoto, haikishiki kitabu. Kitenzi chenyewe kinajua nani anapokea. Nilimwambia dem ni -m- iliyohamia nje ya kitenzi. Mwanaisimu mwenzangu akisikia hivyo atanipiga, na atakuwa na haki, maana ukifika kwenye ninakusaidia, ich helfe dir, ulinganisho unayumba: Kijerumani kinaweka datifu pale ambapo sisi tunaona mtendwa wa kawaida. Lakini ngazi ya lugha ya kwanza hujengwa kwa mbao zilizopo.

Na zipo sehemu ambazo Kiswahili kilimwangusha na Kiingereza kikamsaidia. Sisi yeye wetu ni mmoja, na -ake yetu ni moja. Mdogo wangu alimweleza baba yetu kwa dakika nzima kwa kutumia sie, mwanamke, hadi baba mwenyewe akiwa anasoma gazeti akauliza kwa nini tunacheka. Hapo he na she za shuleni zilikuwa msaada.

Suala la du na Sie lilitupa kazi ya pekee. Kiingereza cha programu kina you mmoja, kwa hiyo mdogo wangu alimwita du kila mtu, nami mtahini nikiwemo. Nikadhani ninalo jibu: mtu unayempa shikamoo, huyo ni Sie. Rahisi. Lakini haikuwa rahisi, maana bibi yako kwa Kijerumani ni du, na muuza duka wa rika lako usiyemjua ni Sie. Shikamoo inafuata umri. Sie inafuata umbali. Tulikaa barazani tukiwapanga watu wote wa mtaa wetu upya kwa kanuni hiyo. Bibi du. Mangi wa dukani, anayetujua tangu tumezaliwa, tukabishana. Mjumbe wa nyumba kumi Sie. Mdogo wangu alisema kumwita bibi du kunamfanya ajisikie kama amemwamkia mambo vipi. Hisia hiyo, kwangu, ilikuwa somo la Kijerumani lenye thamani kuliko masomo kumi ya tufaha.

Tukaja kwenye dawa, na hapa nilikosea kwanza kabla sijapatia. Nilijua habari za marudio ya kupishana. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima anavyozisahau, na mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieleza kwenye kitabu chake njia ya kuweka kadi kwenye kisanduku chenye vyumba: unalolijua linasonga mbele, ulirudie baada ya siku nyingi, unalolikosa linarudi chumba cha kwanza, ulirudie kesho. Anki, programu aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006, inafanya kazi hiyo kwa hesabu zake yenyewe. Basi kwa bidii ya mwanafunzi wa chuo nikamjazia mdogo wangu kadi 60 mpya kwa siku. Siku ya sita umeme ukakatika, simu ikalala, na alipoiwasha alikuta marudio ya mamia yanamsubiri. Akaifunga. Hakuifungua kwa siku tisa, na mimi ndiye niliyesababisha.

Tulianza upya na kadi nane kwa siku, alizoandika yeye. Hili la kuandika mwenyewe naliona ndilo lenye nguvu kuliko ratiba yoyote ya mashine. Na hatukuandika neno pekee. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, neno kitabu halijaachwa peke yake. Pembeni yake kuna ki-/vi- kwenye mabano, kwamba hili ndilo kabila lake. Kamusi ya Kijerumani nayo hutaja jinsia na wingi. Kwa hiyo kadi yake ilibeba das Buch, die Bücher, na sentensi moja inayomhusu yeye, ya kweli: kitabu changu kiko kwa dada. Upande wa mbele aliweka Kiswahili au picha aliyopiga nyumbani. Hakuna Kiingereza, hakuna visanduku vya kugusa. Aliona picha ya sufuria letu lenye mpini uliovunjika, alitakiwa alitaje kwa sauti, ndipo ageuze. Siku ya kwanza ilikuwa mateso. „Sioni kitu kichwani,“ alisema. Huko kutokuona ndiko tulikokuwa tunakufanyia mazoezi.

Ile programu ya mwanzo hatukuifuta. Tulizima arifa zote, tukabadilisha mpangilio ili aandike majibu kwa herufi badala ya kugusa maneno, na tukaweka sharti moja: kila sentensi aliyoimaliza humo aibadilishe mara moja kwa mdomo kabla hajaendelea. Mwanamume anakula mkate? Basi kaka yangu hali mkate. Kaka yangu anakula nini? Somo la dakika tano likawa la dakika ishirini. Siku ya 231 mfululizo ulikufa, kwa sababu alikuwa kwenye simu na rafiki wa chuoni kwangu aliyewahi kuishi Ujerumani. Aligundua asubuhi. Sitasema hakulia.

Kuhusu herufi na namba, barabara ndiyo iliyotufundisha. Namba za magari ya Tanzania zina T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, na hakuna zana bora zaidi ya mtihani wa A1 iliyowahi kubuniwa, tena bila bando. Tulisimama kituoni Mwenge jioni, foleni imesimama, naye anasoma: te, mia nne na saba na thelathini, be, jot, ve. Ndiyo, saba kwanza, thelathini baadaye. Kijerumani kinazipindua, siebenunddreißig, na anayetafsiri kutoka ishirini na moja atachelewa kila mara. Lazima masikio yapate njia ya moja kwa moja, na njia hiyo inatengenezwa na magari mengi. Siri ya irabu nayo tuliipata palepale. Jina lake lina E mbili na I moja, na siku ile ya mezani, alipojaribu hatimaye, alizitaja kwa majina ya Kiingereza, E akaiita „ii“, ambayo kwa Kijerumani ni I. Nikamwambia asahau kidato cha kwanza, arudi darasa la kwanza: a, e, i, o, u, kama zilivyo, ivute tu kidogo. Kondakta mmoja alituuliza tunaandikia nani ripoti.

Kwa usikilizaji tulitumia Nicos Weg, kozi ya video ya bure ya Deutsche Welle, inayomfuata kijana Nico kutoka Hispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake uwanja wa ndege. Tofauti na kile kijiji cha tufaha niliiona kwenye vipande vya mwanzo tu: kijana ana shida, haelewi, anauliza tena, watu wanamjibu kwa haraka kuliko anavyoweza. Mdogo wangu alimwonea huruma. Sikumbuki amewahi kumwonea huruma yule mwanamke wa maziwa.

Alifanya mtihani mwezi uliofuata. Alama ya kufaulu ni 60 kwa 100, naye aliipita vizuri. Kuongea kulimbeba, kusikiliza kulimwangusha kidogo, hasa matangazo ya kituo cha treni, na sauti ya kipaza sauti ndiyo anayoilaumu hadi leo. Mama alipoambiwa aliuliza kama kile kikatuni nacho kimefurahi.

Juzi aliniuliza kama alipie ile programu sasa anapoelekea A2, maana wamempa punguzo. Nilimwuliza itamfanyia nini ambacho haifanyi leo. Akasoma orodha kwenye kioo: hakuna matangazo, makosa bila kikomo, na unaweza kuurudisha mfululizo uliokufa. Alisimama kidogo kwenye hilo la mwisho. Halafu akanitumia ujumbe wa sauti kutoka chumba cha pili, kwa Kijerumani, sekunde arobaini, kuniomba hela ya bando. Alisema Heller.